Simu ni Moja na Inarudi Saa Mbili Usiku: Nichukue Tableti ya Mkopo?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kayole, nimelifupisha kidogo:

"Habari mwalimu. Nina msichana Gredi ya 7 na mdogo wake Gredi ya 3. Simu janja kwa nyumba ni moja, yangu, na naenda nayo kazi Westlands, natoka saa kumi na moja na nusu asubuhi narudi saa mbili usiku. Mwalimu wa huyu mkubwa anatuma kazi kwa grupu ya WhatsApp saa kumi jioni. Ikifika saa moja wenzake wameshatuma picha ya majibu, wangu anaanza nikiingia kwa mlango na hapo ashachoka. Juzi jina lake liliandikwa ubaoni na wale hawafanyi kazi, akalia sana. Sasa kuna vijana hapa steji wanauza tableti ya mkopo, unatoa kitu kidogo kwanza halafu unalipa kila siku. Nichukue? Na hizi kazi zinahesabiwa kwa mtihani? Naogopa ataachwa nyuma."

Salama mama. Nilisoma swali lako mara mbili nikataka kukujibu kwa neno moja, usichukue, lakini najua mzazi akiambiwa usichukue bila kuelezwa kesho asubuhi anapitia steji anachukua. Hata mimi ningechukua, jina la mtoto likishaandikwa ubaoni mzazi hana hesabu tena. Kwa hivyo keti, hili jibu ni refu.

Nianze na hapo shida yako iko, maana nadhani umeiweka mahali si pake. Simu unayo. Bando unayo, si umeniandikia. Mtoto anajua kusoma na anataka kufanya kazi, angekuwa hataki asingelia. Kinachokukosesha ni saa tu: kazi inafika saa kumi na simu inafika saa mbili, hapo katikati kuna masaa manne mtoto amekaa nyumbani, daftari liko, kalamu iko, akili bado iko macho, na maswali yako Westlands kwa mfuko wa mama yake. Tableti itaziba hayo masaa manne, sikatai. Lakini hata kijikaratasi kingeyaziba. Yaani mwalimu angeandika yale maswali matano ubaoni kabla kengele haijalia, mtoto akayanakili, hii barua yako ningekuwa sijaiona.

Ngoja nikuambie haya mambo ya grupu yalitoka wapi, kwa sababu wazazi wengi wanafikiri ni sheria ya mtaala wa CBC. Si sheria. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya corona, serikali kupitia KICD, ile taasisi ya mitaala, ilipeleka masomo kwa redio, kwa runinga pale Edu Channel, kwa YouTube na kwa ile tovuti yao ya Kenya Education Cloud, na sisi walimu tukafungua magrupu ya WhatsApp kila darasa. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Fomu 4 wakarudi Oktoba 2020, wengine wote Januari 2021, ubao ukarudi, chaki ikarudi, na grupu ikabaki. Wanasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, huyu sisi tulimpa nyumba kabisa. Kwa mwalimu ni rahisi sana, anapiga picha ukurasa wa kitabu akiwa kwa matatu anaelekea nyumbani, ametuma, amemaliza.

Na sisemi haya kama mtu msafi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo baada ya kurudi, nikiwa nafundisha shule moja ya huku Eastlands, na kichwani mwangu nilikuwa nimewagawa watoto makundi mawili, wanaojibu kwa grupu ndio wenye bidii, wasiojibu wavivu. Kulikuwa na kijana mmoja alikuwa analeta kazi lakini mwandiko umepinda pinda, maswali mengine nusu, nikamuweka kwa wavivu. Siku moja nikafika mapema nikamkuta getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amepiga magoti, daftari juu ya jiwe, mwenzake amesimama anamsomea maswali kutoka kichwani vile aliyaona kwa simu ya babake jana yake. Kila siku alikuwa anafanya hivyo, na mimi nilikuwa nimemkata alama za mwandiko. Tangu siku hiyo sijawahi kutuma swali kwa grupu bila kuliandika ubaoni kwanza.

Kwa hivyo kitu cha kwanza, kabla ya shilingi yako yoyote, nenda kwa mwalimu. Usiandike kwa grupu. Najua grupu vile zinakaa, ukiandika shida yako pale watu thelathini watanyamaza, wawili watakuambia "dada jipange", na mwenye laptopu nyumbani ataanza kueleza vile yeye anafanya. Halafu mwalimu akitoa jibu kila mtu anaweka "sawa mwalimu" na vile vimikono vya maombi hata kama hajafungua hiyo kazi. Nenda mwenyewe, kama hupati ruhusa kazini tuma ujumbe wa peke yake au mpigie wakati wa chakula cha mchana. Na usiende kwa ugomvi, walimu wa JSS, yaani sekondari ya chini, wengi ni vijana na mzigo wao si mdogo. Mwambie kitu kama hiki: "Mwalimu habari, mimi ni mama wa fulani. Simu nyumbani ni moja na inarudi saa mbili usiku, kwa hivyo kazi ya WhatsApp anaipata akiwa amechelewa. Naomba maswali yaandikwe ubaoni ayanakili kabla ya kutoka, na ikiwa kuna kazi ya kutafuta kwa mtandao naomba ipewe Ijumaa ili wikendi nimsaidie. Majibu ataleta kwa daftari asubuhi." Basi. Usieleze maisha yako yote, usiombe msamaha kwa kuwa na simu moja.

Ukiweza pata wazazi wengine wawili watatu waseme kitu hicho hicho. Nakuhakikishia wapo, hawasemi tu kwa sababu ya aibu. Hebu sikia: sensa ya 2019 ilikuta nyumba zenye kompyuta, laptopu au tableti nchini hazikufika hata 9 kwa kila 100, ilikuwa asilimia 8.8, na nyumba zenye intaneti asilimia 17.9. Nairobi iko juu ya hapo na simu zimeongezeka tangu siku hizo, lakini Nairobi ni Lavington na ni Mukuru kwa Njenga pia, ukichanganya hizo mbili unapata wastani ambao haumhusu mtu yeyote. Na si Kenya peke yake, mwishoni mwa 2020 UNICEF na ITU, mashirika ya Umoja wa Mataifa, walisema theluthi mbili ya watoto wa umri wa kwenda shule duniani, bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Kwa hivyo mtoto wako si wa ajabu hapo darasani, wa ajabu labda ni yule mwenye waifai na chumba chake.

Mwalimu akikataa kabisa, kuna mwalimu mkuu, na kuna chama cha wazazi ambacho kiko kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, hakikuwekwa pale kuchangisha pesa za basi tu, unaweza kuomba jambo hili liwekwe kwa mkutano. Lakini nimeona mara nyingi haifiki huko. Walimu wengi hawajui. Kweli hawajui, wanaona tiki mbili za bluu wanafikiri mtoto ameona.

Sasa alama. Hapa pumua. Kazi ya WhatsApp ya kila jioni si ile inayokwenda KNEC, baraza la mitihani. Kinachohesabiwa kutoka shuleni ni ile tathmini inaitwa SBA, na hiyo mwalimu anapakua kazi yenyewe kutoka kwa tovuti ya KNEC, watoto wanaifanyia shuleni, halafu yeye ndiye anaingiza alama. Kwa huyu wako wa Gredi ya 7 hesabu inakwenda hivi: akifika Gredi ya 9, mtihani wenyewe wa KJSEA unabeba asilimia 60, SBA za Gredi ya 7 na ya 8 zinabeba 20, na 20 nyingine ni ile KPSEA alifanya Gredi ya 6, hiyo tayari imekaa. Hakuna mahali pameandikwa nani alituma picha kwa grupu saa moja jioni. Ndiyo, mazoezi ya nyumbani yanamsaidia kuelewa na akiyakosa mwaka mzima itaonekana, sisemi ayaache, nasema tu jina ubaoni halijaharibu cheti chake. Mwambie hivyo leo usiku, kwa maneno yako, maana watoto wanafikiria mambo haya wakiwa wamelala na hawasemi. (Na hiyo ya kuandika majina ubaoni kwa sababu ya simu ya mzazi, mimi naiona ni ukatili mdogo mdogo, nimemaliza.)

Sasa tuje kwa tableti ya steji. Chukua karatasi. Tuseme bei ya kulipa taslimu dukani ni 10,000. Ya mkopo wanakuambia toa 2,500 leo halafu 60 kila siku mwaka mzima. Sitini inaonekana ni kitu gani, ni chapati na chai. Lakini 60 mara 365 ni 21,900, weka na ile 2,500, umelipa 24,400 kwa kitu cha 10,000. Hizo ni namba za mfano wangu, wewe uliza za kwao, uliza hivi tu: "nikimaliza kulipa nitakuwa nimetoa jumla ngapi?" na uangalie kama jamaa atakupa namba au ataanza hadithi. Kitu cha pili, hivi vifaa vya mkopo vingi vinajifunga usipolipa. Hapo ndipo sasa umetoka kwa shida moja ukaingia kwa mbili, kwa sababu wiki ya kulipa nyumba utaruka siku nne, tableti itazima yenyewe, na mtoto ambaye ameshazoea kufanyia kazi huko atakwama katikati ya kazi. Angalau simu yako ikichelewa inajulikana inarudi saa mbili.

Tena tableti haiji peke yake. Inataka bando yake, inataka chaja, inataka stima na tokeni vile zinaisha unajua, inataka mahali pa kufichwa mchana ukiwa umeenda kazi na watoto wawili wako nyumbani kwa ploti ambayo kila mtu anajua kila mtu amenunua nini. Na itamtaka mtu mzima wa kuangalia mtoto anafanya nini huko ndani kutoka saa kumi hadi saa mbili. Msichana wa miaka kumi na mbili na intaneti yake mwenyewe masaa manne kila siku bila mtu, hapana, hata angekuwa wangu nisingeweza. Sisemi mtoto wako ni mbaya, nasema watu wa huko kwa mtandao ndio wengine wabaya.

Wacha niongeze kitu kuhusu vifaa kwa sababu nilikuwa ndani ya hiyo kazi. Unakumbuka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa Darasa la Kwanza. Ilipofika 2016 zikaja, zimekuwa tableti, kwa ule mpango wa DLP, na baada ya miaka michache zaidi ya milioni moja zilikuwa zimefika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata tableti za watoto, laptopu za walimu, projekta, na kiserva kidogo chenye masomo ndani. Mimi nilikuwa nazunguka kufundisha walimu kuzitumia. Nilikuta nini? Shule moja nilifunguliwa stoo yenye mlango wa chuma na kufuli mbili, tableti ziko kwa makasha yao, nailoni hazijatolewa, mwalimu mkuu ananiambia kwa uso mkavu "tunaogopa zikiibiwa nitalipa mimi." Na sikumlaumu, angelipa yeye. Shule nyingine chaji iliisha na soketi ya darasa haikuwa na stima. Lakini kuna shule tatu nne hivi ambapo mwalimu mmoja tu alipenda hicho kitu, akapanga zamu, watoto wanne tableti moja, nusu saa, na hao watoto walikuwa wanakimbia kuja shule. Tableti ni zile zile. Na ujue pia shule nyingi za mitaa yetu, hizi za watu binafsi na makanisa wanaziita APBET, ambazo ndizo zinabeba watoto wengi wa Mathare, Kibera na Mukuru, hazikupata hata moja kwa sababu si za umma. Mtoto aliye chini kabisa ndiye aliyerukwa.

Na hii ya kifaa peke yake kutosaidia si maneno ya walimu wazee wanaoogopa kompyuta. Peru waligawa laptopu ndogo kwa watoto wa shule za vijijini, wakafanya utafiti kwa shule 319, matokeo yakatolewa 2012: watoto walitumia kompyuta zaidi, sawa, lakini alama za hesabu na lugha hazikusonga. Zilikaa pale pale.

Kwa hivyo ufanye nini wakati unasubiri mwalimu abadilike? Nina kitu cha bei rahisi ambacho watu wananichekelea nikikisema. Nunua kabambe. Ile ya vibonyezo, elfu moja na kitu, betri inakaa siku tatu, hakuna mtu atavunja mlango kuiiba. Iache nyumbani. Laini usajili kwa jina lako. Saa kumi na robo ukiwa kwa chai huko kazini fungua grupu, soma maswali, yaandike kama SMS umtumie, au mpigie dakika tatu anakili ukimsomea. Maswali mengi ya kila siku ni maneno tu: taja, eleza, toa mifano mitatu, kokotoa. Yanaingia kwa SMS vizuri. Mchoro au ramani hauingii, huo atasubiri simu usiku, lakini ukifika saa mbili anakuwa amebakisha swali moja badala ya kuanza sita. Na faida nyingine hujaiuliza, sasa unaweza kuwapigia watoto ujue wamefika nyumbani salama, hiyo peke yake ni elfu moja yake.

Ikiwa kazini hushiki simu hadi utoke, basi kuna mwenzake wa ploti au wa jirani ambaye wako darasa moja. Anapitia huko akitoka shule ananakili maswali kwa daftari anarudi nyumbani. Mchana, dakika kumi, na mama wa huko yuko. Tafadhali sana usimtume msichana kwa nyumba ya mtu usiku ati akaombe waifai, wala kukaa nje ya duka la mtu kwa giza kushika hotispoti. Nimeona mambo mabaya yakianzia hapo kwa "njoo nikuwekee bando" na sitaki kuyaeleza zaidi.

Simu yenyewe ikirudi, ipange. Ingia kwa WhatsApp, sehemu ya mipangilio, uzime ile ya kupakua picha na video zenyewe, maana najua saa hii simu yako inakuambia imejaa na nusu ya hiyo ni video za harusi na maombi kutoka magrupu mengine. Akipewa kazi ya kuangalia video YouTube, shusha ubora hadi 144 au 240, video ya dakika kumi itakula kama MB 10 au 20, ukiiacha ijichagulie yenyewe inaweza kupita MB 100 na atakachokiona ni mwalimu yule yule na ubao ule ule. Zile bando za saa moja ni nzuri lakini usiinunue kabla mtoto hajaandika kwa karatasi anataka kutafuta nini, mtoto akiingia Google bila swali saa moja inaisha akiwa kwa vikatuni. Na kuna programu inaitwa Kiwix, ya bure, inakubali uweke Wikipedia ya Kiswahili nzima kwa memori kadi, ukishaipakua mara moja mahali penye waifai husomi tena kwa bando. Kwa kazi za sayansi na jamii inasaidia kuliko unavyofikiri.

Jumamosi ndiyo siku yako kubwa. Kutoka Kayole, Buruburu si mbali, kuna maktaba ya KNLS, zile maktaba za taifa, pale. Kuna pia maktaba za kaunti Makadara na Kaloleni, ambazo zilikuwa zimechakaa kabisa hadi shirika la Book Bunk lilipoingia na kaunti wakazirekebisha, sasa zinapendeza hadi unaona aibu kuingia na viatu vya matope. Hao hao ndio walianza kushughulikia na McMillan ya mjini, ile ya nguzo na simba, iliyofunguliwa 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakukanyaga mlango wake. Mimi nikipeleka watoto pale huwa nawaambia hiyo habari kwa ngazi kabla hatujaingia, wananyamaza kidogo, halafu wanaingia kwa fujo kama kawaida. Uliza wahudumu kuhusu kompyuta na waifai, na umwache mtoto akae huko, hata kama kazi imeisha. Kibera nako maktaba ya KNLS ilianza zaidi ya miaka kumi iliyopita kuwapa watoto tableti chache tu wasomee pale pale kwa zamu, mtu mzima akiwa karibu, na ukiniuliza kati ya ile stoo ya kufuli mbili na hizo tableti chache za Kibera ni gani ilifundisha watoto wengi nitakujibu bila kufikiria.

Saiba ni ya dharura. Shilingi moja kwa dakika na kuprinti kumi kwa ukurasa si mbaya, lakini wapeleke mchana, akae kompyuta inayoonekana kutoka mlangoni, na mfundishe kutoka kwa akaunti akimaliza, watoto wanaacha barua pepe ya mzazi imefunguka hapo na nyumba yako yote iko ndani.

Na kama baada ya haya yote bado moyo unataka kifaa, usiutese, weka hiyo 60 ya kila siku. Badala ya kumpa kijana wa steji iweke mahali hutaigusa. Baada ya miezi kumi hivi una kama 18,000, na kwa pesa hiyo unapata laptopu ya eks-UK, iliyokwisha kutumika, mjini, ile imara ya ofisi, ambayo mtoto atajifunzia kuandika na kibodi ya kweli, atatumia hadi Gredi ya 9 na huko mbele, na haizimwi na mtu. Nenda na mtu anayejua, washa hapo dukani, angalia betri, jaribu kibodi herufi moja moja, dai risiti yenye dhamana. Na usinunue kwa mtu anayekufuata kwa barabara hapo Luthuli akikuonyesha kitu ndani ya bahasha, watu wamefika nyumbani na kipande cha sabuni. Kwa sasa hivi hata haihitaji, kompyuta kwa JSS imeingizwa ndani ya somo la Pre-Technical na mengi ya hayo anapaswa kuyaonea shuleni, ukienda kuona mwalimu uliza pia watoto wanashika kompyuta mara ngapi kwa muhula. Hilo swali wazazi hawaulizi, wanauliza nyama itapikwa lini.

Yule wa Gredi ya 3 umemtaja tu mara moja, na nadhani unamuogopea pia. Usimwingize kwa hesabu hii. Kazi zake ni kukata, kubandika, kuokota vifuniko vya soda, akiambiwa mzazi apige picha atume, ipige Jumapili zote kwa pamoja, mwalimu wake atazikubali. Jioni dada yake akisoma maswali yake kwa sauti kutoka kwa ile kabambe, yeye anasikia.